Ukingo wa Mto Hukinga Tumbo Lako

Huenda, ndugu msomaji, unanuia kununua ploti au kupanga nyumba karibu na mto jijini Nairobi. Tazama ukingo kwanza. Nyasi, matete na mizizi ya miti hupunguza kasi ya maji ya mvua na kunasa kinyesi. Mjenzi akivifyeka na kujaza simiti hadi majini, mto hufurika, huingia vyooni na kupasua mabomba ya maji taka, ambayo mara nyingi hupitishwa bondeni. Uchafu huo hupenya mabomba ya maji ya kunywa yaliyotoboka, na kipindupindu kikafika hata kwa wanaoishi mlimani.

Kanuni za mwaka wa 2006 zilitaka mita 6 hadi 30 ziachwe kila upande, zikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika. Wauzaji wengine hupima wakati wa kiangazi. Huo ni ulaghai mtupu. Waulize wakazi maji yalifika wapi Aprili 2024. Ukubwa wa jengo pia usikutulize: Ukay Centre ya Westlands ilibomolewa Agosti 2018.

Ikiwa tayari unaishi hapo, chemsha maji ya kunywa, hata ya mfereji. Mtu akihara maji meupe kama yaliyooshea mchele, mkimbize hospitalini huku akinywa lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.