Umefika nyumbani Mbweni, akili bado iko kwenye foleni

Anayeishi Mbweni na kufanya kazi Posta au Kariakoo hahitaji kuelezwa maana ya uchovu. Alfajiri saa kumi na moja yuko barabarani. Jioni anahesabu vituo kimoja kimoja: Mwenge, Tangi Bovu, Africana, Tegeta, ndipo akate kulia kuelekea baharini. Wengi hupenda kusema kuwa jina la Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Kwa barabara inayobeba jina hilo, saa moja ya jioni, moyo haubwagwi, unakatika.

Saa mbili usiku geti linafunguliwa. Mtoto amesubiri na daftari lake tangu saa kumi na mbili. Baba anaitikia "vizuri, vizuri" huku macho yako kwenye simu, au mama anafoka kwa sababu ya viatu vilivyoachwa mlangoni. Viatu havina kosa. Ni foleni ile imeingia nayo ndani.

Kitaalamu jambo hili linaeleweka. Honi, bodaboda inayokatiza mbele na wasiwasi wa kuchelewa huuamsha mwili ujihami: adrenalini na kotisoli hupanda, moyo hudunda haraka, pumzi huwa fupi na ya juu juu. Ukizima gari au ukishuka kwenye bajaji, mwili hauzimiki papo hapo. Unahitaji kuambiwa kwamba hatari imepita, na njia mojawapo ya kuuambia ni pumzi inayotoka taratibu. Hapo ndipo yoga inapoingia.

Najua neno hilo linaleta picha gani: binti mwembamba kwenye Instagram, mguu umepita nyuma ya shingo. Picha hiyo imewakimbiza wengi ambao yoga ingewafaa. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Kitabu cha zamani kinachohusishwa na mwalimu Patanjali, kinachotegemewa sana na wanayoga, kinagusa mikao ya mwili kwa vifungu vichache tu, na kinachodai ni mkao uwe tulivu na usio wa mateso. Sehemu kubwa inahusu akili inayotangatanga.

Pumzi sita kwa dakika

Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake uliofanywa kwa watu wazima 23 wenye afya. Walipimwa wakisali rozari kwa Kilatini, na wakirudiarudia maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na mzunguko wa damu vikaenda kwa mpangilio mzuri zaidi.

Matokeo hayo yananivutia kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu yoga ni la dini, si la afya. Je, si ibada ya Wahindu? Mizizi yake iko huko, hakuna sababu ya kuficha, na wenye dini hawajakubaliana. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama mchezo. Kila familia itapima kwa imani yake. Kunyoosha mgongo na kutoa pumzi taratibu hakumlazimu mtu kutamka neno lolote, na anayesali rozari bila haraka tayari anaijua nusu ya somo.

Wapo pia wanaosema ni mambo ya wazungu. Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini hadi wakawa walimu.

Mkeka na dakika 15

Huhitaji nguo za kubana wala godoro maalumu. Mkeka unatosha, na deira pana ni bora kuliko suruali ya jinzi. Piga magoti, kaa juu ya visigino, inama mbele hadi paji la uso liguse mkeka. Baadaye lala chali, uinue miguu uiegemeze ukutani. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Usiibane.

Mwishoni unalala chali, mikono pembeni, bila kufanya chochote. Mkao huu unaitwa wa maiti, na bibi akikukuta atakuambia unajitakia uchuro. Ndio mgumu kuliko yote. Mimi dakika ya pili tu nilikuwa nimeshakumbuka kwamba umeme wa LUKU unakaribia kwisha. Kukumbuka si kushindwa. Unagundua umeondoka, unarudi kwenye pumzi, na kurudi huko ndiko mazoezi yenyewe.

Tatizo ni hizo dakika 15 zinatoka wapi. Katika nyumba nyingi baba akifika anakaa mbele ya televisheni, mama akifika anaanza zamu ya pili jikoni. Kumwambia mama huyo atulie bila mtu kumpokea sufuria ni kumwongezea kazi. Nyumba ikubaliane: leo mmoja anapika au anasimamia madaftari, mwingine anafunga mlango wa chumba. Kesho wanabadilishana. Kama hilo haliwezekani, anza na pumzi sita nje ya geti kabla ya kugonga. Ni dakika moja.

Kwa wanaoumwa mgongo kwa muda mrefu, mwaka 2017 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa. Ila yoga haiwi mbadala wa vidonge vya presha. Endelea navyo kama daktari alivyoandika. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho aepuke mikao ya kichwa chini, hata ile ya kuinama hadi kwenye mkeka. Mjamzito ambaye tumbo limeshakua alale ubavu, wa kushoto ukimfaa, badala ya chali. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti, anyooshe mgongo, na aendelee na pumzi zake hapo hapo. Anayetaka mwalimu anaweza kuuliza Kituo cha Utamaduni cha India cha Swami Vivekananda, hapa hapa Dar es Salaam, ambacho hufundisha yoga. Kwa mkazi wa Mbweni safari hiyo nayo ina foleni, hivyo mkeka wa sebuleni si wa kudharau.