Bei Nafuu ya Kifaa cha Kuhifadhia Kumbukumbu za Parokia

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaiagiza kila parokia kuwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Huku kwetu Namawala, unyevunyevu na mchwa ni adui wa vitabu hivyo. Ndiyo maana twazipiga picha kurasa zake.

Tutafutapo kifaa cha kuhifadhia picha hizo katika mtandao wa ofisi, tuulize kwanza: je, bei ni pamoja na diski? Mara nyingi ni ya kasha tupu. Diski mbili za terabaiti 4 zinazonakiliana hutoa nafasi ya terabaiti 4 tu. Lakini moja ikifa, cheti cha bibi arusi hakipotei. Diski iliyokwisha kutumika, hata kwa nusu bei, tuiache. Nakala nyingine ikae Ifakara, kwa kuwa radi moja yaweza kuziunguza zote mbili.