Pensheni Yako: Ni Fedha Ngapi Zinazotozwa Kodi?

Baadhi ya wenye mashamba huku Gazi na Msambweni walikuwa walimu, askari au makarani, na sasa hupokea pensheni kila mwezi. Wengine huja ofisini na hati ya malipo mkononi wakiuliza, "Bwana karani, kodi hii imetoka wapi?" Yafaa kila mstaafu ajue kufanya hesabu hii mwenyewe, maana asiyejua haki yake huweza kukatwa fedha zisizostahili kukatwa.

Hesabu ya zamani

Hadi tarehe 26 Desemba 2024, sheria ya Kenya ilisamehe Sh. 300,000 za kwanza za pensheni kwa mwaka, yaani Sh. 25,000 kwa mwezi. Kilichozidi ndicho kilichotozwa kodi. Ni kama kuhesabu nazi: kwanza hutengwa za nyumbani, zinazobaki ndizo za kuuza.

Tuseme mwalimu mstaafu wa miaka 62 alipokea Sh. 30,000 kila mwezi mwaka 2023:

Pensheni ya mwaka: Sh. 360,000
Toa iliyosamehewa: Sh. 300,000
Sehemu ya kutozwa kodi: Sh. 60,000

Kodi ilihesabiwa juu ya Sh. 60,000 hizo tu, si juu ya Sh. 360,000. Na kama angalikuwa ametimiza miaka 65, hakuna hata senti moja ya pensheni yake ambayo ingalitozwa.

Sheria mpya

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, aliyefikia umri wa kustaafu na kulipwa na mfuko wa pensheni ulioandikishwa, na Serikali au na NSSF, hatozwi kodi ya mapato juu ya pensheni hiyo. Basi kwa mwalimu wetu, sehemu ya kutozwa kodi mwaka 2025 ilikuwa sifuri. Msamaha huo pia humfikia aliyeacha kazi mapema kwa sababu ya ugonjwa, na aliyetoa fedha zake baada ya kuwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 20.

Lakini kijana anayetoa akiba yake mapema, bila ya sababu hizo, asidhani kwamba amesamehewa. Afikiri kwanza kabla ya kutia sahihi.

Hesabu ya shamba ni mbali

Pensheni kusamehewa hakusamehi mapato ya shamba. Ukiuza nazi na korosho za Sh. 200,000, na ujira wa wakwezi, palizi na usafiri ukawa Sh. 80,000, faida yako ni Sh. 120,000. Hiyo ndiyo ya kuandikwa katika ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Usiichanganye na pensheni. Weka daftari na risiti zako zote.

Fanya hivi

1. Soma hati yako ya malipo. Si kila makato ni kodi. Mengine huwa ni mkopo.
2. Ukiona kodi imekatwa kwa malipo ya baada ya 27 Desemba 2024, muulize anayekulipa pensheni akueleze sababu.
3. Kama ilikatwa kimakosa, peleka KRA ombi la kurudishiwa, pamoja na hati hizo.
4. Usimpe mtu wa njiani nambari yako ya siri ya KRA, hata akikuahidi kukurudishia fedha zako upesi.

Pensheni ni jasho la miaka mingi. Ihesabu kama uhesabuvyo mazao yako.