Glasgow: Chuo Kikongwe na Uhandisi Wake

Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kilianzishwa mwaka 1451 kwa hati ya Papa Nicholas V. Kwa karne tatu kilifundisha zaidi teolojia, sheria na falsafa. Kazi za chuma na mitambo ziliachiwa mafundi.

Fundi mmoja ndiye aliyebadili mambo. Mwaka 1757 James Watt, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alipewa karakana ndani ya chuo atengeneze vifaa vya kupimia. Baadaye aliletewa kielelezo kibovu cha injini ya mvuke ya mvumbuzi Newcomen. Akagundua kwamba silinda yake ilipashwa moto na kupozwa katika kila mzunguko wa pistoni, hivyo mvuke mwingi ulipotea bure. Mwaka 1765 akapata suluhisho: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake.

Uprofesa wa uhandisi, hata hivyo, ulisubiri hadi 1840, ulipoanzishwa na Malkia Victoria. Lewis Gordon, profesa wa kwanza, hakupokewa kwa mikono miwili na wanazuoni wenzake. Mrithi wake wa 1855, William Rankine, aliandika vitabu vilivyoifanya injini ya mvuke kuwa somo la hesabu.