Bao lakosa baraza Kariakoo

KARIAKOO ya leo karibu haina mahali pa kukaa bila kununua kitu. Mnunuzi anayeshuka Mtaa wa Msimbazi na kukata kona kuelekea Kongo au Sikukuu hupita kati ya fremu za maduka, marobota yaliyopangwa njiani na wachuuzi, na mbele ya majengo hayo ni nadra kukuta hatua moja iliyoachwa kwa ajili ya mtu kupumzika. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza, pengine kuliko sababu nyingine, kwa nini mchezo wa bao umefifia katikati ya jiji, na kwa nini kuwarejeshea vijana mchezo huo kunahitaji zaidi ya kuchapisha kitabu cha kanuni.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vijana wametekwa na simu na televisheni. Maelezo hayo yana ukweli nusu tu. Katika vijiwe vya jiji hilohilo, vijana huinamia ubao wa drafti kwa saa nyingi, huku visoda vikitumika kuwa kete. Basi hawajachoka kukaa wala kufikiri. Kilichotokea ni kwamba drafti hufundishika kwa dakika chache na ubao wake hubebeka kwapani, ilhali bao lina malezi marefu.

Ugumu huo unastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi hulijua bao kwa sura tu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, kila safu mashimo manane, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu za mkomwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili na kete 32. Hata hivyo, kete hizo hazipangwi zote mwanzoni. Kila upande huweka 10 tu: sita katika shimo liitwalo nyumba, ambalo katika mbao zilizochongwa vizuri huwa la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Kete 22 zinazosalia hubaki mkononi.

Hapo ndipo huanza hatua ya kunamua. Kwa kila zamu mchezaji hutia kete moja katika shimo la safu ya mbele lenye kete, na ikiwa shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, hula. Kete zilizoliwa hazitolewi nje ya ubao kama katika drafti, bali husambazwa upande wa yule aliyekula, moja moja, kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezo huendelea. Pengine hula tena, pengine huzoa zilizomo na kusambaza upya. Kwa hiyo zamu moja yaweza kuzunguka upande mzima wa mchezaji mara kadhaa kabla ya kulala. Asiye na pa kula hutakata, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kugusa za mpinzani.

Kisha kuna uamuzi unaowatenganisha mafundi na wababaishaji. Zamu ya kula ikiishia katika nyumba ambayo bado ina utajiri wake, mwenyewe huchagua: ama alale na kuilinda, ama asafiri, yaani aivunje nyumba na kusambaza kete zote. Akisafiri mapema hujikuta maskini mchezo ukiingia hatua ya pili, ya mtaji, wakati mikono imekwisha kuwa mitupu. Akichelewa, mpinzani huila nyumba nzima kwa mkupuo. Anayeachwa bila kete katika safu yake ya mbele ameshindwa.

Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, alilitumia bao kupima ukomo wa akili ya binadamu katika kukokotoa. Uchaguzi wake hauna ajabu. Mchezaji wa sataranji huona kipande kimoja kikihama. Wa bao hulazimika kuona, kabla ya kugusa kete, hali ya ubao mzima baada ya mizunguko kadhaa.

Ujuzi wa namna hiyo haukufundishwa darasani. Ulipatikana kwa kutazama, na mahali pa kutazamia palikuwa baraza. Nyumba ya Kiswahili iliyoijaza Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, na mbele yake kibaraza cha saruji chini ya upenu. Kibaraza hicho kilikuwa cha mwenye nyumba, lakini kwa desturi kilikuwa cha mtaa pia. Wawili walicheza, kumi walitazama, na mtoto aliyetumwa dukani alichelewa kurudi. Baada ya miezi ya kusikia watu wazima wakibishana juu ya zamu iliyokosewa, alikwisha kujua kunamua kabla hajaruhusiwa kushika kete. Mashimo yaliyochimbwa ardhini yalimtosha kufanyia mazoezi na wenzake.

Eneo lenyewe lilizaliwa kutokana na vita. Jina Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Baadaye viwanja vyake vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka vikawa makazi ya Waafrika. Si mbali na hapo, katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, TANU ilianzishwa Julai 7, 1954. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifahamika kwa kulipenda bao.

Mabadiliko yalikuja na biashara huria. Tangu miaka ya 1990 thamani ya viwanja ilipanda, na familia nyingi ziliuza au ziliingia ubia na wenye mitaji: familia hutoa kiwanja, mjenzi huinua ghorofa, kisha hugawana sakafu. Ni vigumu kuzilaumu, kwani nyumba ya vyumba sita haiwezi kushindana na kodi ya jengo la ghorofa nane. Lakini nyumba zilipovunjwa, vibaraza vilikwenda nazo, na wapangaji wakatawanyika kuelekea pembezoni mwa jiji.

Nje ya nchi ufufuaji wa michezo una njia nyingine. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya Wizards of the Coast ilitoa upya Spelljammer, ulimwengu wa kubuni wa mwaka 1989 ambamo merikebu za mbao husafiri kati ya nyota, na wachezaji hukaa mezani wakijifanya mabaharia wake. Ili wageni wasitishwe, kanuni zilirahisishwa na baadhi ya masimulizi ya zamani yakabadilishwa. Wachezaji wakongwe walilalamika kwamba kanuni za mapigano ya merikebu zilipunguzwa mno. Bao halina kampuni wala mwenye hakimiliki wa kuamua lipi libaki na lipi litupwe.

Hata hivyo kishawishi cha kurahisisha kipo. Lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huanzia hatua ya mtaji moja kwa moja. Ni ngazi nzuri kwa anayeanza, na limetumika hivyo kwa muda mrefu. Hatari ni pale ngazi inapogeuzwa kuwa nyumba. Anayeishia hapo hajapata kunamua hata mara moja, wala hajaumiza kichwa akiamua kulala au kusafiri. Programu za simu nazo husambaza kete zenyewe, na mchezaji hubaki akitazama matokeo ya hesabu ambayo hakuifanya.

Wanaotaka kulirudisha bao mjini wangeanza na mahali. Mbao zenyewe si adimu. Wachongaji wa Mwenge huziuza, ingawa nyingi huishia kuwa mapambo ya sebuleni. Fursa ya kupanga ilikuwapo pia, maana moto wa Julai 10, 2021 uliounguza soko kuu, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ulifuatiwa na ukarabati mkubwa pamoja na ujenzi wa jengo jingine jipya kando yake. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, ukaguzi wa majengo uliagizwa, na ilikuwa sahihi usalama utangulie. Lakini katika mijadala hiyo yote kivuli na benchi havikupewa nafasi kubwa.

Kinachohitajika si kingi: watu wawili, ubao, kivuli, na nafasi ya watazamaji sita au saba kusimama bila kufukuzwa. Tatizo ni kwamba fremu ya chini inayotazama barabara ndiyo yenye kodi kubwa kuliko zote katika jengo, na hapo hasa ndipo kibaraza kilipokuwa.