Uvimbe kwenye shina la ubongo: mionzi inasaidia kiasi gani?

Mtoto wa Kayanga au Nkwenda akianza ghafla kuwa na makengeza, kuyumba akitembea na kupaliwa akinywa maji, wengi hufikiria ugonjwa wa macho, au karogwa. Wakati mwingine ni uvimbe kwenye shina la ubongo, sehemu inayoongoza kupumua, kumeza na mapigo ya moyo.

Aina mbaya zaidi hujipenyeza katikati ya mishipa ya fahamu, hivyo haukatwi. Kinachobaki ni mionzi: dozi ndogo ndogo, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 hivi. Ndani ya nchi, wa Karagwe na Kyerwa hulazimika kwenda mbali, kwa mfano Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Wiki 6 ugenini, migomba na kahawa nyumbani havina mtu. Si mchezo.

Je, anapona? Watoto wengi hupata nafuu kweli: wanatembea, wanameza vizuri. Lakini ni nafuu ya miezi tu. Uvimbe hurudi, na wengi hufariki ndani ya mwaka 1 hivi tangu ugundulike. Wanaovuka miaka 2 hawafiki 1 kati ya 10. Karen, binti wa Neil Armstrong aliyetua mwezini, alipigwa mionzi, akapata nafuu kidogo, akafariki Januari 1962.

Ila upo uvimbe unaokua taratibu na wenye mipaka. Huo mgonjwa anaweza kuishi nao miaka mingi. Kipimo cha MRI husaidia kuutofautisha. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe, muulize daktari: huu ni wa aina gani?