Mashairi Yaliyojaza Viwanja vya Madrid

Nimewasikia vijana wetu wakidai ya kwamba mchezo wa kuigiza ukisemwa kwa vina hauwezi kuwavutia watu wa kawaida. Wenye rai hiyo nawaomba waitazame Hispania ya miaka mia nne iliyopita.

Huko Madrid michezo ilichezwa uwanjani, katikati ya nyumba, juu kukiwa wazi. Corral de la Cruz ulifunguliwa mwaka 1579, na Corral del Príncipe mwaka 1583. Wenyewe walikuwa vyama vya dini vya kusaidia maskini, na fungu la viingilio lilikwenda hospitalini. Kwa hiyo Mfalme Felipe wa Pili alipoipiga michezo marufuku mwaka 1598, wagonjwa nao walipata hasara. Mwaka uliofuata viwanja vikafunguliwa.

Wanaume wasio na kitu walisimama mbele ya jukwaa, na kwa makelele yao wakabandikwa jina la askari wa bunduki. Wanawake walikuwa na roshani yao, ikiitwa "chungu". Wengi hawakujua kusoma, lakini wakisikiliza mashairi. Wakichukizwa, mtunzi alikiona!

Bingwa wao, Lope de Vega, alitunga michezo mamia. Mwaka 1609 alieleza kanuni zake, nazo pia kwa shairi: kicheko na kilio vichanganywe, kwa kuwa mlipaji ni mtu wa kawaida, na kila bahari ipewe kazi yake. Mapenzi aliyapa redondilla, yaani ubeti wa mishororo minne, mizani nane nane. Ajuaye utenzi atatabasamu, maana hesabu ni ile ile! Vina ndivyo tofauti: kwao wa kwanza hupatana na wa nne, wa pili na wa tatu. Sisemi fulani kamwiga fulani.

Malalamiko aliyapa décima, ubeti wa mishororo kumi. Calderón akaitumia vivyo hivyo katika La vida es sueño, iliyopigwa chapa mwaka 1636. Segismundo, mwana wa mfalme, amefungwa mnarani tangu kuzaliwa kwa sababu baba yake aliziogopa nyota. Anamtaja ndege, kisha mnyama, samaki na kijito, kila kimoja ubeti wake, na kila ubeti unaishia kwa swali lile lile: mbona yeye ana uhuru mdogo zaidi?